Ramu ya Mwalimu Antipasi

Kwaya ya kigango cha Ihanja ilikuwa imeshika mkia kwenye mashindano ya Manyoni miaka miwili mfululizo, na mwaka huu baraza la parokia lilisema bila kumung'unya maneno: ikishika mkia mara ya tatu, Mwalimu Antipasi apumzike. Neno hilo "apumzike" lilitamkwa kwa upole mwingi, mwenyekiti akiwa ameinamisha kichwa, na wajumbe wengine wakakohoa. Antipasi alikuwa na miaka sitini na mitatu, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa mbele ya kwaya hiyo hiyo. Hakuhitaji kutafsiriwa.

Wa kumrithi alikuwa ameshapatikana. Aliitwa Nathan, mwalimu mpya wa shule ya msingi, kijana anayepiga kinanda kwa vidole vyote kumi. Ubaya ni kwamba Nathan alikuwa na adabu. Kila alipokutana na Antipasi njiani alisimama, akashuka kwenye baiskeli, akainama: "Shikamoo, mwalimu." Antipasi alilazimika kuitikia "Marahaba" kwa mtu ambaye angependa sana kumchukia kwa raha zake.

Zamani asingetishika. Zamani Antipasi alifundisha kwa koo lake. Aliwaimbia besi watu wa besi, akapanda na watu wa tenori, akawashukia alto, na soprano pia aliiimba kwa kuibana pua, akina mama wakijiziba nyuso kwa vitenge wasionekane wanacheka. Wimbo wa sauti nne aliufundisha wiki mbili ukakaa. Kisha akaota kinundu kooni, akakatwa, akapona vizuri, ila sauti haikurudi. Iliyorudi ilikuwa kama ya kitanda kinachoburutwa kwenye sakafu ya simenti. Ukiimbiwa besi kwa sauti hiyo, huwezi kujua kama ni besi au ni malalamiko.

Ndipo ilipoingia laptopu. Binti yake Eliza, aliyeajiriwa Dodoma, alinunua mpya akampa baba yake ya zamani. Antipasi alikuwa na programu moja ya kuandikia nyimbo kwa solfa, ile unayoandika do, re, mi kwa sauti zote nne, ukibonyeza inakuimbia kwa filimbi. Aliipata kwenye semina ya walimu wa kwaya enzi hizo, akaitumia kwenye kompyuta kubwa ya parokia mpaka kompyuta ile ilipotoa moshi ikafa. Nyimbo zake arobaini na tatu zote zilikuwa humo, na bahati nzuri nakala ya vyote alikuwa nayo kwenye flashi. Laptopu ya Eliza iliikataa programu hiyo katakata.

Akaenda Mkiwa kwa Deo, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda pale njia panda, mahali malori yanaposimama. Deo alikaa nayo siku tatu, akairudisha anatabasamu.

"Programu yako ni ya kizee, mwalimu," alisema. "Haikubali mambo ya kisasa. Kwa hiyo nimeitengenezea kompyuta nyingine, ya zamani, humu humu ndani ya hii."

"Ndani? Umeipasua?"

"Hapana. Kompyuta ya ndani haina bati wala waya. Hii ya nje inaigiza tu kuwa ile ya zamani, na programu yako inadhani iko nyumbani kwake."

"Yaani inadanganywa."

"Inadanganywa, mwalimu, lakini kwa nia njema."

Antipasi alipowaeleza wanakwaya habari hizo, Mzee Ignas wa besi, mtu wa maneno machache na yote ya hatari, alisema, "Kumbe ina mimba." Tangu siku hiyo kompyuta ya ndani ikaitwa Mimba, na jina likashika hata kwa masista. Mtu aliyechelewa mazoezini aliingia kwa kunyata, akimnong'oneza jirani, "Mimba imeshaamka?"

Wimbo wa Manyoni mwaka huu ulikuwa wa Antipasi mwenyewe, ameutunga akiwa hospitali amefungwa bandeji shingoni. Ulianza hivi:

*Nimefika mlangoni pako, Bwana,*
*miguu yangu ina vumbi la njia.*
*Hodi, hodi, nifungulie.*

Mstari wa tatu ndio aliokuwa akijivunia. Sauti zote nne zinakutana kwenye "hodi" ya pili, kisha zinaruka juu kwenye "nifungulie" bila hata nafasi ya kumeza mate. Aliuunga hivyo makusudi. Alitaka majaji wajue kwamba hata mzee wa Ihanja anaweza kuandika mambo ya kasi.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, kanisani. Laptopu iliwekwa juu ya meza, spika pembeni, wanakwaya ishirini na wanne wakaizunguka. Antipasi alisimama nyuma ya meza akipunga mikono. Mimba ilianza vizuri. Ikafika mlangoni, ikaeleza habari za vumbi, ikaimba "hodi", ikaimba "hodi" ya pili, sauti nne zikakutana, na papo hapo ikakwama. Ikanyamaza kabisa. Mikono ya Antipasi ilibaki hewani. Taa ndogo ya laptopu ikawa inapepesa, kitu ndani kikakoroma, watu wakasubiri. Halafu, bila kuomba radhi, ikaruka: "Nifungulie!"

Ilikuwa hivyo ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, ubeti wa tatu. Ilikuwa hivyo Jumanne na Ijumaa. Antipasi hakusema kitu, kwa sababu kusema kulimuuma koo, na kwa sababu aliamini kila mtu mwenye akili timamu anajua tofauti ya muziki na hitilafu.

Wiki ya tatu aliizima mashine. "Sasa wenyewe," alikwaruza. Wakaimba. Waliimba vizuri mpaka akaanza kupata moyo. Hodi, hodi, na watu ishirini na wanne wakafunga midomo kwa mpigo mmoja. Kanisa zima kimya. Njiwa mmoja akatikisa mbawa kwenye kenchi. Wakamtazama, akawatazama. Kisha wote kwa pamoja: "Nifungulie!"

"Nani amewaambia mnyamaze?" aliuliza Antipasi.

"Mashine, mwalimu," alisema Ignas.

"Mashine ilikuwa imekwama!"

Wanakwaya wakaangaliana. Kristina, kiongozi wa soprano, mama mwenye genge la vitunguu kando ya barabara kuu na asiyemwogopa mtu, alisema polepole, "Sisi tulidhani ndiyo madoido yenyewe."

Wamesoma kosa. Wamelisoma vizuri kuliko wimbo, na yeye ndiye aliyesimama nyuma ya meza siku zote hizo akipunga mikono. Antipasi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Zilibaki wiki tano.

Kesho yake asubuhi alikuwa Mkiwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimba inakwama."

Deo aliifungua, akacheza wimbo, akawasha kidirisha kimoja chenye mstari unaopanda na kushuka. Walipofika kwenye hodi ya pili, mstari ulipanda mpaka juu kabisa ukaganda huko.

"Umeona? Ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imejaa. Sauti nne zinataka kuingia kwa pamoja, nafasi hakuna, zinasubiri nje."

"Nikiongeza ramu itaacha kukwama?"

"Inategemea, mwalimu."

Antipasi hakulipenda neno hilo. Alipofundisha shule alilipiga marufuku darasani. "Inategemea nini?"

"Inategemea inaumwa nini. Kama ni njaa, chakula kitaiponya. Kama ni ugonjwa mwingine, utainenepesha tu na ugonjwa wake ubaki pale pale. Ila kwa ninavyouona huu mstari, hii ni njaa."

Kwaya ilichanga. Ihanja hawakuelewa ramu ni nini, lakini njaa walikuwa wanaijua. Akatoka jogoo, yakatoka madebe ya alizeti, Kristina akatoa gunia zima la vitunguu, na Ignas akatoa ushauri. Jumamosi hiyo Deo alifungua tumbo la laptopu kwa bisibisi ndogo, akapachika kipande cha kijani chenye urefu wa kidole. Zilikuwa GB nne, zikawa kumi na mbili. Antipasi alishangaa kwamba jogoo, alizeti na vitunguu vyote vile vimegeuka kitu unachoweza kukipoteza mfukoni. Basi lilikuwa linapiga honi, akakimbia kabla Deo hajamaliza kueleza.

Jumanne saa kumi, mbele ya kwaya iliyovaa kana kwamba inakwenda ubatizo, alibonyeza. Mlango. Vumbi. Hodi, hodi.

Kimya.

"Imekula jogoo wetu bure," alisema Ignas.

Antipasi alitoka nje, akampigia Deo, na koo likapata nguvu ambayo halikuwa nayo tangu bandeji itolewe. Deo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utulivu wa mtu aliyezoea kufokewa kwa simu:

"Mwalimu, uliondoka nikiwa bado naongea. Ramu nimeiweka kwenye kompyuta ya nje. Ile ya ndani bado inapakuliwa kile nilichoipimia siku ya kwanza, nusu GB. Haiwezi kujichukulia yenyewe. Ichukulie hivi: ya nje ni mwenyeji, ya ndani ni mgeni wake. Umeleta chakula kingi jikoni, lakini mgeni bado ana bakuli lake dogo. Lazima wewe umwongezee."

Hapo Antipasi akaelewa, na alielewa kuliko Deo alivyotaka. Deo alimwelekeza: izime Mimba, fungua mipangilio, utaona mstari wenye kitufe cha kuburuta, kiburute kwenda kulia. Deo alikuwa anaendelea, anasema jambo fulani kuhusu rangi ya kijani na rangi nyekundu, ila vocha ya Antipasi ilikata.

Rangi hazikumhusu. Antipasi alikuwa amezaliwa kwenye nyumba ambayo mgeni akija jogoo anachinjwa, mgeni anawekewa mapaja, kifua na firigisi, na watoto wa nyumba wanagawana shingo. Mama yake aliwahi kumlaza baba yake nje kwenye ngozi kwa sababu mgeni alikuja na mke na kitanda kilikuwa kimoja. Kumpimia mgeni nusu bakuli ilikuwa fedheha ambayo sasa aliiona wazi, na fedheha hiyo ilifanyika ndani ya laptopu yake, kanisani. Akarudi ndani mezani, akakishika kitufe, akakiburuta. Kilipita kijani, kikapita rangi ya chungwa, kikaingia kwenye nyekundu, kikagonga mwisho. GB kumi na mbili zote. Akaigeukia kwaya akiwa na amani rohoni.

"Sasa sikilizeni," alisema, akaiwasha Mimba.

Feni ikaanza kuvuma, ikavuma zaidi, mpaka Kristina akasogeza kiti nyuma. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, kikaganda. Kishale hakikutembea, saa ya pembeni haikutembea. Kompyuta ya nje na ya ndani zilikuwa zimezimia kwa pamoja, na meza ilikuwa inatetemeka. Wakati huo huo Nathan akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Nilisikia mashine nikadhani mnasaga."

"Marahaba," alisema Antipasi.

Alipofika tena Mkiwa, laptopu ikiwa bado vuguvugu mapajani, Deo aliangalia kile kitufe, akaondoa kofia.

"Mwalimu. Umempa mgeni nyumba nzima."

"Ndiyo ustaarabu."

"Mwenyeji hana pa kukaa, hana sufuria, hana hata kuni. Sasa huyo mgeni atapikiwa na nani? Wote wawili wanakufa." Akakirudisha kitufe kwenye kijani. "GB mbili zinamtosha. Halafu mgeni mwenyewe ni mzee, mfumo wake ni wa zamani. Hata ukimpa kumi na mbili hawezi kutafuna zaidi ya tatu na kitu."

Wakaiwasha. Mimba iliamka kabla Deo hajarudisha kofia kichwani. Ikafika mlangoni, hodi, hodi, na bila kupepesa ikaruka juu, "nifungulie", ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama alivyouandika hospitali. Dereva mmoja wa lori aliyekuja kuchaji simu akasema, "Kawimbo kazuri." Antipasi alifurahi, akaagiza chai tatu.

Furaha hiyo iliishi mpaka Jumanne. Mimba iliyoshiba iliimba bila kusimama, na kwaya ikasimama pale pale ilipozoea. Mashine iliruka peke yake, watu ishirini na wanne wakabaki nyuma midomo imefungwa, wakimsubiri mwenzao ambaye ameshafika ubeti wa pili. Wakarudia. Wakasimama tena. Ijumaa wakasimama tena.

"Ilipokuwa na njaa tulielewana," alisema Ignas.

Antipasi alipiga meza. Aliwaambia, kwa yale makwaruzo yake, kwamba mahali pale hapana kituo, hapajawahi kuwa na kituo, na atakayesimama tena atahamia kwenye kwaya ya watoto. Wakajitahidi. Walikodoa macho kwenye spika ili mashine isiwaache, na wiki moja kabla ya Manyoni wakaweza. Waliruka nayo. Wimbo uliimbwa kwa kasi, uliimbwa sahihi, na Antipasi hakujua kwa nini akitoka kanisani jioni hizo alikuwa mnyonge. Alipunga mikono yake yote miwili na hapakuwa na mtu aliyeiangalia. Nathan angeweza kuja na kinanda chake kesho na kwaya isingetambua kwamba mtu amebadilika.

Manyoni zilifika kwaya saba. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sheria ilikuwa ni sauti tupu, bila chombo chochote, kwa hiyo laptopu ilizimwa, ikafungwa kwenye begi, begi likawekwa chini ya kiti cha Nathan, ambaye alikuwa ameomba kwa adabu zote kuja kuwashangilia. Ihanja walikuwa wa sita kuimba. Waliotangulia waliimba kwa kishindo, kwaya moja ilikuwa na sare zenye kola za dhahabu. Antipasi alipanda jukwaani.

Alinyanyua mikono. Wakaanza, na walianza vizuri. Wakafika mlangoni. Wakaeleza habari za vumbi, na besi ya Ignas ilikuwa imetulia chini kabisa. Hodi. Hodi.

Wakanyamaza.

Woga uliwarudisha walikotoka. Wiki nzima ya kupigwa meza ilifutika, wakabaki na kile walichojifunza mwanzo, na ukumbi mzima ukawa kimya pamoja nao. Mikono ya Antipasi ilikuwa hewani. Alisubiri mashine iruke, kama alivyosubiri Jumanne na Ijumaa zote, kisha akakumbuka kwamba Mimba iko kwenye begi, imezimwa, na leo hakuna kitakachoruka. Mtu akavuta kiti nyuma ya ukumbi. Akawaangalia wanakwaya wake akitegemea kuona macho yaliyoangalia sakafu. Hakuna aliyeangalia sakafu. Macho yote arobaini na manane yalikuwa kwenye mkono wake wa kulia.

Akaushusha.

"Nifungulie!" Waliingia kwa mdomo mmoja. Hata Ignas aliingia nao, Ignas ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuingia na mtu.

Ubeti wa pili, Antipasi alijua watasimama tena, akaona heri awasimamishe yeye. Akaushika mkono juu, akahesabu kimoyomoyo, akaushusha, wakaingia. Ubeti wa tatu hakuhesabu. Aliushika juu kwa muda mrefu kuliko haki, kwa sababu alitaka, na hakuna aliyemtangulia hata kwa pumzi.

Matokeo yalisomwa saa kumi. Ihanja walikuwa wa tatu. Kristina alipiga kigelegele kilichowaamsha watoto wote waliolala ukumbini, na mwenyekiti wa baraza la parokia, aliyekuwa kwenye viti vya mbele, alipiga makofi akiangalia pembeni.

Watu wakiwa bado wanapeana mikono, jaji mkuu akawasogelea. Aliitwa Mama Theodora, mwalimu mstaafu, ameshika fimbo na miwani ikining'inia kifuani. Walimu wa kwaya wa mkoa mzima walimwogopa.

"Shikamoo, mama," alisema Antipasi.

"Marahaba. Nipe karatasi ya wimbo wako." Alivaa miwani. "Nimezisikia nyimbo nyingi za hodi maishani, na leo peke yake tatu. Zote watu wanabisha na kuingia papo hapo, kama mgambo. Ninyi ndio wa kwanza niliowasikia wanabisha, halafu wanangoja mwenye nyumba aitike. Nataka kuona ulivyokiandika kile kimya."

Antipasi alimpa karatasi kwa sababu hakuwa na njia ya kutompa. Mama Theodora alipitisha kidole kwenye mstari wa tatu, akarudi, akapitisha tena. Hapakuwa na kitu. Hodi ilifuatwa na nifungulie, zimebanana.

Angeweza kusema mchapaji amekosea. Uongo huo ulifika mpaka kwenye ulimi. Lakini Nathan alikuwa amesimama hapo na begi la laptopu begani, na Antipasi alijisikia vibaya kusifiwa mbele ya kijana huyo kwa jambo ambalo hakulitunga.

"Mama, sikuandika," alisema. "Pale kompyuta ilikuwa inakwama. Ramu ilikuwa ndogo, ikawa inasimama pale pale kila siku, hawa wakadhani ndivyo unavyoimbwa. Nimeshaiongeza ramu, sasa haikwami. Kilichosifiwa leo ni kosa, na wala si langu."

Mama Theodora akavua miwani.

"Kompyuta ilikuwa jukwaani?"

"Hapana."

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya kiti," alisema Nathan, akaongeza haraka, "imezimwa, mama."

"Sasa kama imezimwa, hawa nani aliwaambia waendelee?"

Aliyejibu ni Kristina.

"Ni yeye, mama. Mashine ikiimba tunaangalia mashine. Ikikwama tulikuwa hatuna pa kuangalia, tukawa tunamwangalia mwalimu, maana mikono yake ilikuwa imebaki juu." Akajifunga kitenge upya, jambo alilofanya kila alipotaka kusema ukweli. "Wiki ile iliposhiba ikawa haituachii hata nafasi ya kumwona. Wengine tulikuwa tunasema pembeni, afadhali wangeiacha na njaa."

"Mimi nilisema waziwazi," alisema Ignas.

Antipasi alicheka. Kicheko kilitoka kama kitanda kinachoburutwa, na katikati kikageuka kitu kingine, akalazimika kutoa leso na kupangusa macho mbele ya watu wote, na hakujali.

Mama Theodora alimrudishia karatasi. "Basi andika sasa. Wengine watataka kuuimba. Kimya kile ni cha mapigo mangapi?"

Aliwaza. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa hofu, wa pili aliuhesabu, wa tatu aliushika kadiri alivyopenda. Hapakuwa na mapigo yaliyolingana.

"Nathan," alisema, "una kalamu?"

Nathan aliitoa mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Antipasi aliiweka karatasi juu ya begi la laptopu, hapo hapo kwenye bega la kijana, na juu ya ile nafasi kati ya hodi na nifungulie akaandika maneno matatu: *Subirini mkono ushuke.*

Nathan alipinda shingo akasoma. Aliuliza kwa adabu zake zote, kama mtu anayetaka kuandika jibu kwenye daftari:

"Mkono wa nani, mwalimu?"

"Wangu," alisema Antipasi, kwa sauti yote aliyobaki nayo.